Kiswahili cha Maelekezo ya Kazi: Programu za Kutungia Masomo ya Kielektroniki na Nyaraka za Ndani katika Mashamba na Viwanda vya Chai vya Kericho na Bomet

Ikisiri

Makala hii inachunguza jinsi programu za kutungia masomo ya kielektroniki zinavyoweza kutumiwa kuandaa nyaraka za ndani za mahali pa kazi, hususan maelekezo ya utendaji na usalama, katika mashamba na viwanda vya chai vya Kericho na Bomet. Inahojiwa humu kwamba mafanikio ya nyaraka hizo hutegemea mambo mawili. Kwanza ni lugha: kauli, viambishi na istilahi ambazo mwandishi huziteua. Pili ni kutambua kwamba somo na waraka wa marejeleo ni tanzu mbili tofauti, ingawa zaweza kutungwa kwa chombo kimoja. Mifano ya sentensi iliyomo imetungwa na mwandishi kwa kufuata aina ya sentensi alizokumbana nazo kazini.

1.0 Utangulizi

Mwandishi wa makala hii alilelewa katika kijiji cha wafanyakazi wa shamba la chai. Alipokuwa darasa la sita, mama yake, ambaye alikuwa mchumaji, alirudi jioni moja na karatasi iliyokuwa imebanduka ukutani, akamwomba amsomee. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Ilieleza kwamba kitalu fulani kilichopogolewa kilikuwa kimenyunyiziwa dawa ya magugu na kwamba mtu yeyote asiingie humo kabla ya Alhamisi. Mtoto yule alilijua neno la Kiingereza la "kabla ya" kwa maana ya "mbele ya" pekee. Akakisia. Alimwambia mama yake kwamba kazi katika kitalu kile ilikuwa imekwisha na kwamba Alhamisi kungekuwa na kazi nyingine mbele. Kesho yake, siku ya Jumatano, mama akaenda humo kuokota matawi ya kuni. Alirudi mikono imemwasha na macho yamemvimba. Alipona baada ya siku chache, na hakumlaumu mtu.

Kisa hiki kinatajwa kwa sababu moja tu. Waraka ulikuwapo, ulikuwa sahihi, na ulibandikwa kwa wakati unaofaa. Kwa mujibu wa faili za ofisini, wafanyakazi walikuwa wamearifiwa. Hata hivyo, habari haikumfikia aliyeihitaji. Miaka mingi baadaye, mwandishi alipopata kibarua cha likizo katika kiwanda kimoja cha chai, cha kuhamishia maelekezo ya kazi kutoka kwenye majalada ya karatasi hadi kwenye programu ya kutungia masomo, aliligundua tatizo lile lile likiwa limevaa nguo mpya. Makala hii imetokana na kazi hiyo.

2.0 Muktadha wa Lugha katika Nchi ya Chai

Chai ilipandwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza huko Limuru mwaka 1903. Katika miaka ya 1920 makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalianzisha mashamba makubwa Kericho. Baada ya uhuru, mwaka 1964, iliundwa mamlaka ya KTDA kwa ajili ya wakulima wadogo, nayo ikabinafsishwa mwaka 2000. Leo viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, kama vile Litein, Momul, Tegat na Toror upande wa Kericho, na Mogogosiek, Kapset, Kapkoros na Tirgaga upande wa Bomet, hupokea majani ya maelfu ya wakulima wadogo. Mashamba makubwa nayo yamebadilisha wenyewe mara kadhaa. Brooke Bond ilinunuliwa na Unilever mwaka 1984. Mwaka 2022 Unilever iliuza biashara yake ya chai, na mwaka 2023 kampuni ya Browns ya Sri Lanka ikanunua mashamba ya James Finlay nchini Kenya. Kila badiliko la aina hii huleta nembo mpya, fomu mpya na taratibu mpya, hivyo basi haja ya nyaraka haiishi.

Kwa upande wa lugha, wenyeji wengi wa eneo hili ni Wakipsigis. Hata hivyo, kwa takriban karne moja mashamba makubwa yameajiri pia Wakisii, Waluo, Waluhya na watu wa jamii nyinginezo. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha katika safu za kuchumia, kwenye mizani na ndani ya kiwanda. Ajabu ni kwamba maandishi rasmi ya kazi hiyo kwa sehemu kubwa yamekuwa ya Kiingereza. Msimamizi huusoma waraka kwa Kiingereza, huueleza kwa Kiswahili, na mara nyingine mfanyakazi humfasiria mwenzake kwa lugha ya nyumbani. Katika kila kituo cha safari hiyo kitu hupotea.

Sheria haiko kimya juu ya jambo hili. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 humtaka mwajiri atoe habari, maelekezo, mafunzo na usimamizi unaohitajika kwa usalama wa wafanyakazi. Mkataba Na. 184 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2001, unaohusu usalama na afya katika kilimo, unasisitiza maelekezo yanayoeleweka, yanayozingatia kiwango cha elimu cha wafanyakazi na tofauti za lugha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Maadamu hali ni hiyo, waraka wa usalama usioeleweka na mfanyakazi hauwezi kuitwa waraka wa usalama. Ni ushahidi tu kwamba ofisi iliandika kitu.

3.0 Programu za Kutungia Masomo: Ni Nini na Zinafanyaje Kazi?

Programu ya kutungia masomo humwezesha mtu asiyejua kuandika programu za kompyuta kuunganisha maandishi, picha, sauti, video na maswali, kisha akatoa somo linaloweza kufunguliwa kwenye kompyuta au simu. Miongoni mwa zinazofahamika ni Captivate, ambayo ilitolewa kwa jina hilo na kampuni ya Macromedia mwaka 2004 kabla ya kampuni hiyo kununuliwa na Adobe, na Storyline ya kampuni ya Articulate, iliyotoka mwaka 2012. Zipo pia zisizolipiwa, kama eXeLearning, iliyoanzia New Zealand, na H5P, iliyoanzia Norwe. Somo likishatungwa, aghalabu huwekwa katika mfumo wa kusimamia masomo kama Moodle, uliotolewa mwaka 2002. Ili somo na mfumo vielewane, hutumiwa kanuni za kiufundi ziitwazo SCORM, ambazo chimbuko lake ni mradi wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Kanuni hizo huuwezesha mfumo kurekodi nani amelifungua somo, amelimaliza au la, na amepata alama ngapi.

Faida za chombo hiki kwa nyaraka za kazi ni bayana. Hatua moja yaweza kukaa kwenye ukurasa mmoja pamoja na picha ya mashine yenyewe. Sauti huweza kumfikia asiyesoma vizuri. Somo likihifadhiwa kwenye simu, laweza kufunguliwa hata pasipo mtandao. Aidha, maelekezo mamoja yaweza kutolewa kwa Kiswahili na Kikipsigis kwa kubadilisha sauti na maandishi bila kugusa picha. Hata hivyo, programu hailijui neno hata moja la Kiswahili kinachofaa. Ikipewa sentensi mbovu, itaipamba kwa rangi na kuisambaza upesi zaidi.

4.0 Lugha ya Maelekezo

4.1 Kauli ya kutendwa na mtenda aliyepotea

Nyaraka nyingi za ofisini zilizofasiriwa kutoka Kiingereza hupenda kauli ya kutendwa na nomino zitokanazo na vitenzi. Tuchukue mfano huu kuhusu kusafisha mashine ya CTC, yaani ile yenye rola za meno zinazolikata, kulirarua na kulikunja jani:

(a) Itahakikishwa kwamba umeme umekatwa kabla ya usafishaji wa rola kufanywa.

Kisarufi sentensi hii haina kosa. Lakini ni nani atakayehakikisha? Ni nani atakayekata umeme? Ni nani atakayesafisha? Wasomaji watatu wa sentensi hii, yaani fundi, msimamizi na msafishaji, wanaweza kila mmoja kudhani kwamba kazi ni ya mwenziwe. Linganisha na hii:

(b) Wewe unayesafisha: zima mashine. Funga swichi kwa kufuli lako. Tia ufunguo mfukoni mwako. Ndipo usafishe.

Katika (b) mtenda ni mmoja na anajulikana, na mpangilio wa sentensi ndio mpangilio wa vitendo. Kauli ya kutendwa ina mahali pake katika Kiswahili, lakini katika maelekezo ya hatari huwa maficho ya wajibu.

Hapa huzuka suala la adabu. Je, kijana wa miaka ishirini na kitu anaweza kumwandikia mzee aliyefanya kazi miaka thelathini "zima" na "funga"? Mwandishi alijaribu kwanza dhamiri tegemezi: "uzime mashine, ufunge swichi." Mzee mmoja wa kiwandani alimsahihisha kwa upole: "Kijana, hapo unanishauri. Mimi nataka uniambie." Suluhisho halikupatikana katika kitenzi bali katika sauti. Amri iliachwa ilivyo, lakini sauti iliyorekodiwa ikawa ya mama mmoja mzoefu, anayeheshimiwa na wote, ambaye alianza kwa kuwasalimu wenzake na kueleza kwa nini wanaambiwa hivyo. Heshima ilitangulia, amri ikafuata.

4.2 Viambishi vya wakati: -ki-, -po- na -kisha-

Wanafunzi wa Kiswahili hujifunza viambishi hivi darasani na kuvijibia maswali. Kiwandani vinalinda vidole. Tazama:

(c) Mashine inaposimama, safisha rola.
(d) Mashine ikisimama, safisha rola.
(e) Mashine ikishasimama kabisa, safisha rola.

Sentensi (c) yaweza kueleweka kuwa kusafisha kufanyike wakati mashine inaelekea kusimama. Sentensi (d) inaleta sharti, lakini haisemi kwamba kusimama kumekamilika. Rola za chuma ni nzito, na umeme ukikatwa huendelea kuzunguka kwa muda kabla ya kutulia. Ni (e) pekee, yenye -kisha- ya ukamilifu, inayosema kile kinachopaswa kusemwa. Ni jambo la kusikitisha kwamba tofauti hii, ambayo Kiswahili kinaieleza kwa silabi mbili tu, hupotea pale mfasiri anapofuata neno moja la Kiingereza na kuridhika na lolote linalokaribiana nalo.

4.3 Istilahi: kati ya kamusi na kiwanda

Hatua za kutengeneza chai nyeusi ni kunyausha, kukata kwa rola, kuliacha jani ligeuke, kukausha, na kuchambua kwa madaraja. Jani bichi likiingia kiwandani huwa na maji yapatayo robo tatu ya uzito wake au zaidi. Chai iliyokaushwa hubakiwa na asilimia chache tu. Tofauti ya "kunyauka" na "kunyausha" si ndogo. Waraka ukisema "majani yanyauke usiku kucha", jani linaachiwa kazi yake. Ukisema "nyausha majani", mtu anakumbushwa kwamba ni yeye anayedhibiti hewa na joto la kitanda cha kunyaushia.

Hatua ya kugeuka kwa jani ndiyo yenye utata zaidi. Kiingereza cha viwandani huiita kwa jina linalotumiwa pia kwa pombe na maziwa, ilhali kikemia ni vimeng'enya vya jani vinavyoingiliana na oksijeni ya hewani hadi jani likageuka rangi ya shaba. Wafanyakazi husema "fermenti". Mfasiri anayefuata kamusi huandika "kuchachusha". Lakini kwa Mswahili wa kawaida, kilichochacha ni chakula kilichoharibika! Mfanyakazi mpya akisoma "chai ichache kwa muda unaotakiwa", ana haki ya kushangaa. Mwandishi aliamua kutumia maelezo, "acha jani ligeuke rangi ya shaba", na kulitaja neno "fermenti" mara moja mwanzoni ili msomaji ajue ni hatua ile ile aliyoizoea. Msimamo wa makala hii ni kwamba istilahi ya kazini haifai kutungwa ofisini na kuteremshwa. Neno linalotumiwa na walio kazini lipewe nafasi ya kwanza, na neno la kamusi liingie pale linapoongeza uwazi.

4.4 Matamshi na masikio

Maadamu masomo haya huwa na sauti, fonolojia nayo inahusika. Sisi tuliokua na lugha za Kikalenjin hatuna katika lugha zetu upambanuzi wa kifonimu kati ya [p] na [b], [t] na [d], au [k] na [g]. Katika maongezi ya kawaida muktadha huokoa. Katika kelele za kiwanda, muktadha haupo. Rasimu ya kwanza ya somo moja ilitumia "bana" na "panua" kwa kurekebisha nafasi kati ya rola. Ni vitenzi vyenye maana zinazopingana, na mianzo yake husikika karibu sawa kwa masikio mengi ya hapa kwetu. Vilibadilishwa kuwa "sogeza karibu" na "sogeza mbali". Huku si kukidunisha Kiswahili sanifu. Sanifu ina maneno mengi, na mwandishi mzuri huteua lile lisiloweza kukosewa.

5.0 Somo na Waraka wa Marejeleo

Kosa kubwa kuliko yote alilolifanya mwandishi halikuwa la kisarufi. Aligeuza kila utaratibu kuwa somo: salamu, malengo, maelezo, maswali, alama, pongezi. Lilikuwa somo zuri. Siku moja mpishi wa boila alitaka kujua afanye nini kipimo cha shinikizo kikipanda ghafla. Alifungua simu na kulazimika kusikiliza salamu na malengo kabla ya kuifikia hatua aliyoihitaji. Akaifunga, akamwita fundi kwa sauti. Alifanya la busara.

Tatizo hapa ni la utanzu, na sisi wa fasihi tunapaswa kulielewa haraka. Somo, kama hadithi, lina mwanzo, kati na mwisho, na msomaji hupelekwa. Waraka wa marejeleo hauna mwanzo, kwani msomaji huja akiwa na swali na kutaka kuondoka na jibu. Programu za kutungia masomo zimeundwa kwa ajili ya utanzu wa kwanza. Zikitumiwa kwa utanzu wa pili bila kurekebishwa, huzaa kitu kisichofaa kufundishia wala kurejelewa. Kutokana na hayo, yanapendekezwa haya yafuatayo:

(i) Kila utaratibu uwe kipande kimoja kifupi kinachojitegemea, na jina lake liwe swali au tukio: "Shinikizo la boila likipanda", wala si "Moduli ya Nne".

(ii) Matini asilia yahifadhiwe katika faili la kawaida la maandishi, nje ya programu. Kutoka humo litolewe somo la mfanyakazi mpya, ukurasa wa simu na karatasi ya ukutani. Adobe ilipoacha kuihudumia Flash mwishoni mwa mwaka 2020, masomo yaliyokuwa yametolewa kwa Flash yaliacha kufunguka katika vivinjari. Aliyekuwa na matini pembeni aliyatoa upya. Asiyekuwa nayo alianza upya.

(iii) Kila ukurasa uonyeshe tarehe, nambari ya toleo na cheo cha mwenye wajibu wa kuuhuisha. Waraka usio na tarehe ni uvumi.

(iv) Karatasi isidharauliwe. Safu za kuchumia hazina soketi ya umeme, na karatasi ya Kiswahili yenye picha haiishiwi chaji.

(v) Kusoma kutenganishwe na kupimwa.

Pendekezo la mwisho linahitaji kufafanuliwa, kwani ndilo lenye uzito zaidi. Tumekwisha kuona kwamba mifumo hii hurekodi nani alifungua nini na alishindwa swali gani. Katika nchi ya chai jambo hilo haliko mbali na ugali wa mtu. Mashine za kuchumia zimepunguza kazi za mikono, na mnamo Mei 2023 waandamanaji huko Kericho waliteketeza baadhi ya mashine hizo. Katika hali hiyo, mchumaji anayeambiwa aingize namba yake ya kazi kabla ya kusoma juu ya dawa ya magugu hujiuliza kama alama zake zitatumiwa kuchagua nani aondoke. Mama mmoja alimwambia mwandishi kwamba hulifungua somo mara moja tu, siku anayolazimishwa, ili asije akaonekana hajui. Waraka unaoogopwa hausomwi, na usiposomwa, haukingi. Alama za mtu ni data binafsi kwa maana ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, kwa hiyo mfanyakazi anastahili kuambiwa zinakusanywa kwa nini. Lakini hata kabla ya sheria, ni suala la mawasiliano: anayetaka kuuliza asiuliziwe jina kwanza.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba programu za kutungia masomo ya kielektroniki zina nafasi katika nyaraka za ndani za kazi, mradi mwandishi ajue anatunga utanzu upi na kwa Kiswahili kipi. Imebainika kwamba kauli ya kutendwa huweza kuficha wajibu, kwamba uteuzi kati ya -po-, -ki- na -kisha- huweza kuamua usalama wa mkono, kwamba istilahi ya kamusi huweza kusema kinyume cha iliyokusudiwa, na kwamba rekodi za alama huweza kumfukuza msomaji.

Wito wetu kwa wanachama ni huu. Mara nyingi huulizwa mwanafunzi wa Kiswahili atafanya kazi gani nje ya darasa. Jibu moja liko katika viwanda, hospitali, maghala na bandari zetu, ambako maelekezo huandikwa na watu wanaoijua mashine lakini hawaijui lugha. Tusingoje waje kutuomba tuwasahihishie tahajia. Twende tukakae karibu na rola, tusikilize wanavyosema wenye kazi, kisha tuandike.

Mama wa mwandishi sasa amestaafu. Aliposikilizishwa kwenye simu kipande kifupi kuhusu vitalu vilivyonyunyiziwa dawa, kinachoanza na maneno "Usiingie hadi siku iliyoandikwa hapa ifike", alisikiliza mara mbili. Kisha akauliza kama karatasi ile ya zamani ilikuwa inasema hayo tu. Akajibiwa kwamba ndiyo, ilikuwa inasema hayo tu.